Mifupa kwanza: moyo wa Viana kwa tepe za karatasi

Kwa miaka tisa kazi yangu imekuwa kusimama mbele ya mashine ya kukatia karatasi, nikipunguza kingo za vitabu vilivyokwisha kujalidiwa. Kisu kinaposhuka hudondosha tepe nyembamba, ndefu, safi kabisa, na kufikia jioni lundo lake hunifika magotini. Kwilingi niliianza na tepe hizo hizo. Ni sanaa ya kuviringisha utepe wa karatasi, kuubana uwe umbo unalotaka, kisha kuusimamisha kwa ubavu juu ya kadi ili ukingo wake mwembamba ndio uonekane. Kwa mbali unaona mchoro wa kalamu. Ukisogea unaona kila mstari ni ukuta mdogo wenye kivuli chake.

Hapa nitakuonyesha namna ya kutengeneza moyo wa Viana, ule moyo wa nyuzi za dhahabu unaotoka kaskazini mwa Ureno. Nimeuchagua kwa sababu ulinifunza jambo ambalo miaka mitatu ya kuviringisha haikuwa imenifunza: ukitaka kuiga sanaa ya jadi, fuata mpangilio wa kazi wa fundi wake, na sura itakuja yenyewe.

Moyo wangu wa kwanza niliutoa kwenye picha ya kadi ya posta. Niliviringisha viduara kila usiku kwa majuma mawili mpaka bakuli likajaa, nikachora moyo kwa penseli, nikaanza kubandika kutoka katikati kwenda nje. Nilipofika ukingoni, mstari wa moyo ulikuwa meno ya msumeno. Kati ya kiduara na kiduara kulibaki mapengo, nikayaziba kwa viduara vidogo zaidi, na kila nilipoziba palizidi kuvimba. Niliutazama ule moyo kwa siku nyingi bila kuelewa kosa liko wapi, maana kila kiduara peke yake kilikuwa kizuri.

Baadaye nilipelekwa Porto kujifunza mashine mpya. Siku moja ya mapumziko nilikwenda Gondomar, mji ulio jirani, ambao pamoja na Póvoa de Lanhoso unajulikana sana kwa masonara wa filigrii, yaani mapambo yanayosukwa kwa nyuzi nyembamba za fedha au dhahabu. Katika karakana moja alikuwa amekaa mama mmoja karibu na dirisha. Wanaofanya kazi kama yake huitwa kwa Kireno enchedeiras, wajazaji. Mbele yake palikuwa na fremu ya moyo, tupu, kama dirisha lisilo na kioo. Alikata kipande cha uzi wa fedha, akakizungusha kwenye ncha ya kibano, akakiingiza ndani ya fremu, akakiachia. Uzi ulijifungua wenyewe ukatanuka mpaka ukagusa kuta, ukatulia hapo. Akaingiza wa pili ukamsukuma wa kwanza kidogo, wa tatu ukawabana wote wawili. Alipojaza pembe nzima aliinua fremu akaigeuza chini juu mbele ya macho yangu. Hakikudondoka hata kimoja, na hapo lehemu ilikuwa haijagusa kitu. Unga wa lehemu na moto huja mwisho, kufunga kile ambacho tayari kimeshikana.

Nilisimama pale karibu saa nzima. Mimi nilikuwa nimetengeneza nyama kwanza, kisha nikaitafutia mifupa.

Na jambo hili si geni kwa kwilingi, kwa kuwa yenyewe ilikua kwa kuwaiga masonara. Husimuliwa kwamba watawa wa Ulaya, karne nyingi zilizopita, walipamba masanduku ya masalio ya watakatifu na picha takatifu kwa tepe zilizokatwa kwenye kingo za vitabu, zile kingo zilizopakwa dhahabu, na kwamba walizizungushia kwenye unyoya wa ndege. Kwenye mwanga wa mishumaa mtu aliona kazi ya sonara. Katika Uingereza ya karne ya 18 mabinti wa nyumba za kitajiri waliiita moja kwa moja kazi ya filigrii, wakipambia visanduku vya majani ya chai. Mwaka 1791 fundi samani wa jumba la kifalme alimpelekea Princess Elizabeth, binti wa Mfalme George III, wakia 15 za karatasi za filigrii na wakia 1 ya karatasi ya dhahabu. Mimi ni mtu wa karatasi, hesabu hiyo sikuweza kuiacha ipite. Wakia 15 ni gramu kama 425. Ingekuwa karatasi ya siku hizi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, iliyokatwa kwa upana wa milimita 3, angekuwa na zaidi ya mita 1,700 za utepe. Alikuwa na kazi ya kutosha.

Karatasi na uelekeo wake

Utahitaji aina mbili, kama sonara anavyokuwa na uzi mnene wa fremu na uzi mwembamba wa kujazia. Mifupa iwe kadi ya gramu 200 kwa mita ya mraba. Nyama iwe karatasi ya gramu 80 hadi 100, ile ya kawaida ya kuchapia. Zote zikatwe kwa upana wa milimita 3 ili kimo cha kazi kiwe kimoja.

Hapa kuna siri ambayo watu wengi hawaambiwi. Karatasi ya mashine ina nyuzi zilizolala upande mmoja, na hukunjika kirahisi ikifuata ulalo wa nyuzi hizo, hugoma ikiukata. Kwa hiyo utepe wa kuviringishwa unataka nyuzi zilizolala kwa upana wake, na utepe wa fremu unataka nyuzi zinazokwenda na urefu wake, ili uwe na ukaidi kidogo na upinde wake usivunjike kona. Kujua nyuzi zimelalaje, kata kipande cha mraba, kipake maji upande mmoja kwa kidole, kiweke juu ya kiganja. Kitajikunja kama mkeka unaoviringishwa, na mhimili wa mkunjo huo ndio uelekeo wa nyuzi. Karatasi nyingi za A4 nyuzi zake huenda na urefu. Maana yake ukikata tepe sambamba na ule upande mfupi wa sentimita 21, utapata tepe zinazoviringika kama zinakutii.

Sasa rangi. Katika kwilingi kinachotazamwa ni ukingo, wala si uso wa karatasi. Karatasi iliyopakwa dhahabu usoni na kuwa nyeupe ndani itakupa moyo mweupe, na utashangaa dhahabu imekwenda wapi. Fanya walivyofanya wajalidi. Chukua karatasi 50 za manjano iliyokolea, zile zilizotiwa rangi mpaka ndani, zigonge mezani mpaka kingo zilingane kabisa, zibane kati ya mbao mbili kwa vibanio, huku upande mfupi ukichomoza kidogo sana. Paka rangi ya dhahabu kwenye ule ukingo kwa brashi iliyo karibu kukauka; rangi ikiwa majimaji itapenya ndani na kuzigandisha. Ikikauka, fungua, zipepete karatasi kwa kidole gumba zitengane, kisha kwa rula ya chuma na kisu kikali kata milimita 3 za kwanza, karatasi tano tano. Umepata tepe 50 zenye ukingo wa dhahabu. Fanya hivyo hivyo upande wa pili wa bunda, zinakuwa 100. Zikate katikati, kila moja iwe na sentimita 10 na nusu, na unazo nusu-tepe 200. Moyo wangu ulikula 126. Tepe za kadi za fremu zipake dhahabu kwa njia ile ile, ila hizo zikate kwenye upande mrefu.

Vifaa vingine ni vichache: sindano ya kwilingi yenye mpasuo nchani, au kijiti cha meno ulichokipasua ncha kwa wembe, kibano chenye ncha kali, pini nyingi, ubao wa koki au kadibodi nene ya kuchomea pini, rula yenye matundu ya duara, na gundi nyeupe ya karatasi. Gundi imwage kidogo juu ya kifuniko, iache dakika tano izidi kuwa nzito, na uichote kwa ncha ya pini. Usibonyeze chupa moja kwa moja juu ya kazi. Tone moja kubwa hulainisha karatasi, hulegeza kiduara na kuacha mng'ao ambao hautoki.

Kuuchora

Moyo wa Viana hauna pande mbili zinazofanana, kwa hiyo ule mtindo wa kukunja karatasi katikati na kukata nusu ya moyo hapa haufai. Mkia wake wa chini umepinda kwenda upande mmoja, kama shina lililoegemea upepo, na juu, pale mabega mawili yanapokutana, huchomoza pambo kama taji au ndimi za moto. Wanawake wa Viana do Castelo huuvaa kifuani siku za sikukuu, mara nyingi mikufu kadhaa kwa pamoja, na asili yake huhusishwa na ibada ya Moyo Mtakatifu wa Yesu katika karne ya 18. Ukichora mkia ulionyooka umechora moyo wa kawaida tu.

Chora kwa penseli moyo wa kimo cha sentimita 9 na taji ya sentimita 3 juu yake. Kisha, milimita 6 ndani ya mstari wa nje, chora moyo wa pili unaoufuata wa kwanza. Umepata njia nyembamba inayozunguka moyo wote. Ndani ya moyo wa pili chora mstari mmoja wa umbo la S kuanzia bondeni kati ya mabega mpaka kwenye mkia. Huo ni uti wa mgongo. Kila upande wa uti ongeza upinde mmoja au miwili mikubwa, ukigawanya nafasi kuwa vyumba. Simama hapo. Vyumba vitano au sita vinatosha. Vikizidi, moyo unakuwa na mifupa tu.

Mchoro ukishakamilika, uweke juu ya ubao, ufunike kwa nailoni nyembamba inayoonyesha, na uuchome pini kwenye pembe.

Kusimamisha mifupa

Usiharakishe hatua hii. Chukua tepe mbili za kadi. Simamisha ya kwanza kwenye mstari wa nje, ukichoma pini ndani na nje kila baada ya sentimita moja, na kwenye mabega uzichome kwa karibu zaidi. Kabla ya kuweka ya pili, pitisha gundi nyembamba ubavuni mwake, kisha ilaze juu ya ya kwanza huku tayari imepinda, uziminye pamoja kwa kibano. Tepe mbili zilizogundishwa zikiwa zimepinda haziwezi tena kunyooka, kwa sababu kila moja inaizuia mwenzake kuteleza. Utepe mmoja wa kadi nene unaolingana na hizo mbili hautakupa nguvu hiyo. Utazidi kutamani kurudi ulivyokuwa.

Mahali pa kuungia pafiche kwenye mkia. Usiungie begani, jicho la mtu hufikia pale kwanza.

Moyo wa ndani utepe mmoja tu wa kadi unatosha, na uti wa mgongo na zile pinde vilevile. Pale mfupa mmoja unapokutana na mwingine, kata ncha yake kwa mshazari ili ilale vizuri kwenye ubavu wa mwenzake, kisha gusa kwa gundi. Acha usiku kucha. Asubuhi ng'oa pini, inua moyo mtupu kwa vidole viwili uutikise. Kama umbo lake linabaki, endelea. Kama unalegea, rudi uimarishe viungo, kwa maana nyama haitauokoa.

Kujaza

Anza na ile njia ya milimita 6. Ingiza ncha ya utepe kwenye mpasuo wa sindano, zungusha kwa kidole gumba na cha shahada, bila kukaza sana, mpaka mwisho. Chomoa, kiweke kiduara kwenye tundu la milimita 6 la rula, kiache kijifungue kijae tundu, kisha kitoe kwa kibano na ufunge mkia wake kwa gundi. Viduara hivi vyote lazima vilingane, kwa sababu vimepangwa foleni na kimoja kikikosea wote wanakiona. Vipange vyote kavu kwanza, kuzunguka moyo mzima. Mwishoni huwa inabaki nafasi ya nusu kiduara. Hiyo usiizibe kwa kiduara kidogo; gawanya ile nafasi kwa wote, ukivisogeza kila kimoja kidogo sana, ndipo ubandike.

Vyumba vya ndani ni kazi nyingine kabisa, na ndipo utafanya alivyofanya yule mama wa Gondomar. Hapa rula ya matundu iweke kando. Viringisha utepe, lakini mkia wake usiugundishe. Ushike kiduara kwa kibano kikiwa kimebanwa, kiteremshe ndani ya chumba, ukianzia kwenye pembe iliyo finyu kuliko zote, na ukiachie. Karatasi itatanuka mpaka iguse ukuta huku na huku. Kwenye pembe kali kitajibana chenyewe kuwa kama tone la maji, ncha ikielekea pembeni. Ukiona hakikufika pembeni kabisa, isaidie ile ncha kwa pini. Kisha weka cha pili kando yake, na cha tatu. Utasikia kwa vidole jinsi vinavyoanza kukataa. Cha mwisho katika chumba huingia kwa kusukumwa kidogo, na mara kikiingia, vyote hutulia. Sasa gusa gundi kwenye mikia na pale kuta zinapokutana, sehemu ndogo kama nukta ya penseli.

Kabla ya gundi fanya jaribio lile lile la kugeuza chini juu, juu ya kitambaa. Vikidondoka, chumba hakijashiba. Usijaribu kukishibisha kwa gundi.

Katika vyumba vikubwa usitumie viduara vitupu, jicho litachoka. Weka S mbili zinazotazamana: viringisha ncha moja ya utepe kwenda kulia mpaka katikati, ncha nyingine kwenda kushoto, uache. Au bana kiduara pande zote mbili kwa vidole kiwe jicho, uviweke vitatu mkia kwa mkia kama majani. Utagundua mwenyewe kinachokaa wapi. Mimi huwa naacha chumba kimoja karibu na uti kikiwa na S moja tu na hewa nyingi, kwa sababu filigrii hupumua kupitia mapengo yake, na moyo uliojaa kila mahali huonekana mzito ijapokuwa ni karatasi.

Taji iache mwisho. Mifupa yake ni pinde tatu fupi zinazotoka sehemu moja, na kila moja inataka matone mawili au matatu tu.

Ukisafiri

Ukikutana na kazi ya jadi iliyokupendeza, picha piga, lakini chora pia, hata kama huna mkono wa kuchora. Kamera inachukua uso wote kwa mara moja, penseli inakulazimisha kuamua mstari upi ulitangulia. Kwenye daftari langu nachora kila kitu mara mbili: kwanza mifupa peke yake, mistari ile ambayo ikiondolewa kazi yote inaanguka, halafu pembeni nachora chumba kimoja kikubwa chenye vijazo vyake na kuvihesabu. Picha hupigwa wakati mwanga unatoka ubavuni ili vivuli vikuonyeshe kipi kiko juu ya kipi.

Vyombo vya shaba vya Beijing vilivyopambwa kwa rangi za kioo hufuata mpangilio huu huu: nyaya nyembamba husimamishwa kwanza juu ya chombo, ndipo rangi humiminwa vyumbani na kuchomwa. Mchoro wake unahamia kwenye karatasi bila shida. Vigae vya zellij vya Fes, kule Moroko, ni habari nyingine. Pale hakuna fremu inayojazwa. Kila kigae kimechongwa kukaa na jirani yake, na mchoro hukua kutoka kwenye nyota kwenda nje. Ukitaka zellij kwa karatasi, anza na nyota ya katikati na uende nje nayo. Ule mpango wangu mbovu wa kwanza pale ungefaa.

Kuumalizia

Moyo ukishajaa, uchomoe kwenye nailoni taratibu kwa kupitisha kisu chembamba chini yake. Uweke juu ya kadi nene ya rangi nyeusi au buluu iliyokolea, kwa sababu dhahabu juu ya nyeupe hupotea. Paka gundi chini ya mifupa tu, nyama iache ikining'inia baina yake. Kisha weka ndani ya fremu yenye kina, kioo kikiwa mbali na karatasi kwa milimita 5 au zaidi. Kabla ya kufunga kioo acha kazi ikauke siku mbili nzima. Niliwahi kufunga baada ya saa tatu, unyevu wa gundi ukabaki ndani, na viduara vya upande mmoja vikalegea nikivitazama tu. Itundike mbali na jua la moja kwa moja, lakini taa iwe ubavuni, kushoto au kulia, upande ule ambao mkia umeelekea. Kivuli cha mkia kinaangukia kwenye kadi, kirefu kuliko mkia wenyewe.